Mwongozo kamili: jinsi kanisa dogo linavyoweza kubeba familia sita za wakimbizi jijini Nairobi bila kuishia njiani

Mwongozo huu ni wa kanisa ambalo lilishajaribu na likakwama. Nimekaa na kamati za huduma Kayole, Githurai, Kawangware na Kitengela, na kila mara nasikia habari ileile. Jumapili moja kulifanyika mchango mkubwa, magunia yakapangwa mbele ya madhabahu, familia arobaini zikasimama foleni. Mwezi wa pili familia zikawa sitini na magunia yakapungua. Mwezi wa tatu watu wa huduma wakaanza kuzima simu.

Nia ilikuwa njema kila mahali nilipopita. Kazi iliangushwa na mambo madogo: nani anakwenda, siku gani, na fedha za mwezi wa nne zitatoka wapi.

Nazungumzia wakimbizi wa mjini, wale waliopanga chumba na kulipa kodi kama jirani mwingine yeyote kwenye ploti. Kwenye kambi za Kakuma na Dadaab kuna taratibu zake, sitazigusa hapa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugonga mlango wa kwanza

- Watu sita waliokubali kuhudumu miezi sita mfululizo. Angalau wanne wawe wanawake, kwa sababu nyumba nyingi mtakazoingia zina mama na watoto peke yao.
- Mtafsiri mmoja au wawili, watu wazima.
- Daftari moja gumu na kabati lenye kufuli.
- Simu ya huduma yenye laini yake. Msitumie namba za watu binafsi.
- Fedha za miezi sita zilizokwisha kuahidiwa na watu wanaojulikana, na watu wawili wanaoidhinisha kila malipo.
- Nauli za wahudumu, zikiwa fungu lake kwenye bajeti. Huduma nyingi hufia kwenye nauli.
- Karatasi ya namba muhimu: 116 ya kuripoti madhara kwa watoto, 1195 ya ukatili wa kijinsia, zahanati ya serikali iliyo karibu, na shirika moja la msaada wa kisheria bila malipo, kwa mfano Kituo cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya.

Kama fedha mlizonazo zinatosha miezi miwili tu, subirini. Afadhali familia isikujue kuliko ikuzoee halafu upotee.

## Hatua ya 1: Hesabu miguu yenu, ndipo mhesabu familia

Watu sita ni jozi tatu. Kila jozi ichukue familia mbili na kuzitembelea mara mbili kwa mwezi. Hizo ni ziara kumi na mbili kwa mwezi, na kwa watu wenye kazi na watoto wao hiyo tayari ni kazi nzito. Kwa hiyo kikomo chenu ni familia sita.

Mchungaji ataona sita ni chache. Mwambie kwamba familia iliyofuatwa miezi sita mara nyingi huwa imepiga hatua kwenye karatasi zake, watoto wameingia shule na mama amepata pa kuanzia. Familia iliyopewa unga mara moja hurudi ilipokuwa siku unga unapokwisha.

Namna ya kuzichagua iandikwe na isomwe mbele ya kanisa: mama aliye peke yake, mgonjwa, mzee, mtoto asiye na mzazi, mtu aliyefika karibuni. Kumbukeni kilichotokea Yerusalemu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku. Manung'uniko yalianzia kwenye orodha, na mitume waliyajibu kwa kuchagua watu saba wenye sifa njema na kuwakabidhi kazi hiyo. Kanisani kwenu nako orodha ikishikwa na mtu mmoja, watu wa kabila lake au wa kijiji chake watakuwa wa kwanza, hata kama hakukusudia.

Mtajua hatua hii imekamilika mtakapoweza kumweleza mtu aliyekosa nafasi kwa nini amekosa, na mwenzako mwingine akampa jibu lilelile.

## Hatua ya 2: Makubaliano manne, yawekwe sahihi

Kaeni Jumamosi moja, kwa muda wa saa tatu hivi, na kila mhudumu atie sahihi mambo haya.

Hatuahidi. Maneno kama "tutaona la kufanya" mkimbizi huyasikia kama ahadi. Sema unachoweza na siku utakayokifanya, au sema huwezi.

Hatupigi picha. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa anatafutwa, na picha iliyowekwa mtandaoni humfikia yule aliyemkimbia. Hata akikubali, jiulize kama angeweza kukataa huku mkono wako umeshika mfuko wa unga.

Hatutangazi. Kanisa moja lilitaja jina la mama na ploti yake wakati wa maombi. Lilikusudia mema. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba, aliyekuwa amesikia kwamba sasa mama ana wafadhili, akaja kudai malimbikizo yote kwa mkupuo.

Hatubaki peke yetu na mtoto. Hakuna mhudumu anayemtuma mtoto nyumbani kwake, anayemchukua kwenda naye dukani, au anayeingia nyumba yenye watoto peke yao. Sheria hii haina mzee wa kanisa wala shemasi.

## Hatua ya 3: Ziara ya kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo tuiendee polepole.

Piga simu siku mbili kabla, uliza saa inayowafaa. Nendeni wawili na mtafsiri, basi. Watu watano ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi ni baraza la hukumu.

Msiende mikono mitupu, lakini msiende na kapu. Kilo ya sukari na mche wa sabuni vinatosha, kama mgeni yeyote. Kapu likitangulia, mazungumzo yote yatageuka kuwa ya kapu.

Muulize mtafsiri mapema, faraghani, kama kuna jambo kati ya watu wake na watu wa nyumba hiyo. Wakimbizi wa Kongo si kundi moja. Mtu aliyetoka Uvira na mtu wa milima ya Minembwe wanaweza kuwa wamepoteza ndugu kwa mikono ya watu wa upande wa mwenzake. Mtafsiri asiyeaminiwa atapewa majibu mafupi ya uongo, na wewe utaandika uongo huo kwenye daftari. Usimtumie mtoto kutafsiri, hata akijua Kiswahili cha Nairobi vizuri kuliko wote. Utamlazimisha atamke kwa kinywa chake yaliyompata mama yake.

Mkongo atakusalimia kwa kukuita *papa* au *mama*, na wewe mwitikie hivyohivyo. Kiswahili chake mtaelewana, ila sikiliza vizuri: *batoto* ni watoto, *lopitali* ni hospitali, na akisema mtoto haendi *masomo*, anamaanisha haendi shule. Usimsahihishe. Kwenye nyumba ya Wasomali vua viatu mlangoni, na mwanamume asimnyooshee mama mkono wa salamu. Kama mumewe hayupo, wahudumu wa kike ndio waingie.

Usiulize: "Kwa nini mlikimbia?" Swali hilo ameshaulizwa mpakani, ofisini na kwenye mahojiano, na kila mara alilazimika kuyapitia tena. Akitaka kukueleza atakueleza, labda ziara ya tano, na siku hiyo kazi yako itakuwa kunyamaza na kusikiliza.

Uliza haya manne, kwa maneno yako:

1. Wanaolala hapa ni nani na nani?
2. Jana mlipika nini?
3. Kuna anayeumwa, au aliyeacha dawa?
4. Kuna karatasi au tarehe mnayoisubiri?

Swali la pili linaonekana dogo, lakini ndilo linalofungua mengine yote. Mtu anaona haya kusema "tuna njaa", ila atakueleza bila shida kwamba jana walipika uji na leo bado hawajajua.

Kaa dakika arobaini hivi. Ukiletewa chai, kunywa. Nimeona wahudumu wakikataa chai kwa huruma, wakidhani wanaokoa sukari ya watu maskini, na uso wa mama ukabadilika palepale. Ile chai ndiyo iliyomfanya awe mwenye nyumba mbele yenu.

Kabla ya kuomba, uliza kama wanapenda muombe. Ombeni kwa ufupi, na maombi yasiwe hotuba ya matatizo yao.

Ziara imefaulu kama mnaondoka mkijua majina ya watoto na siku ya kurudi. Msirudi na orodha ya mahitaji ishirini, hamtayaweza.

## Hatua ya 4: Daftari

Kila familia ipewe namba na ukurasa. Andika tarehe, waliokwenda, kilichosemwa kuhusu afya, shule, kodi na karatasi, na jambo moja tu mliloahidi pamoja na jina la atakayelifanya.

Usiandike sababu za kukimbia, kabila, wala namba za vitambulisho. Daftari hupotea. Majina na namba za familia vikae kwenye karatasi nyingine, ndani ya kabati.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi someni lile jambo moja: limefanyika au halijafanyika? Hicho kikao kisizidi nusu saa.

## Hatua ya 5: Kapu la chakula linaanzia kwenye sufuria

Kabla ya kununua chochote, pigeni hesabu. Kipimo cha kawaida cha msaada wa chakula ni karibu kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na sehemu kubwa hutoka kwenye gramu 400 hivi za unga au nafaka. Familia ya watu watano inamaliza kilo 2 kwa siku. Ile paketi moja ya unga ambayo makanisa mengi hutia kwenye mfuko ni chakula cha siku moja.

Kapu la wiki moja kwa watu watano linakuwa hivi:

- Unga au mchele, kilo 14
- Maharagwe, ndengu au kamande, kilo 2 na kidogo
- Mafuta ya kupikia, lita 1 na robo
- Chumvi, sukari kidogo, sabuni
- Fedha za mboga na makaa

Mkiona ni kubwa, punguzeni familia. Msipunguze kapu.

Sasa, unga gani? Mwaka wetu wa kwanza tulipeleka unga wa mahindi mweupe kwa familia ya Kivu Kusini, Kongo, wakashukuru sana. Baadaye mama mmoja akamnong'oneza mhudumu wetu kwamba wao bugali yao ni ya muhogo, na ule wa mahindi walikuwa wakiuuza kwa hasara ili wanunue wa muhogo. Hakuna aliyewauliza. Tangu siku hiyo tunauliza kwanza, na tunapata unga wa muhogo, sombe (kisamvu) na ndagala (dagaa) kwa wafanyabiashara Wakongo waliopo mitaani, ambao nao ni wakimbizi wanaohitaji wateja.

Wasomali watataka mchele, tambi na unga wa ngano, na nyama iwe halali. Waethiopia na Waeritrea wa Kanisa la Othodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, siku ambazo hawagusi nyama, maziwa wala mayai, mbali na mifungo mirefu ya mwaka.

Angalia pia jiko. Maharagwe makavu yanakula makaa. Familia isiyo na fedha za makaa itauza maharagwe, kisha mtu atasema wakimbizi hawana shukrani. Ndengu na kamande huiva haraka. Kama ni lazima maharagwe, elezeni yalowekwe usiku kucha na mpeleke fedha za makaa pamoja nayo.

Mkishajuana, kwa kawaida baada ya mwezi wa pili, mimi nashauri kapu ligeuzwe kuwa fedha. Mama anajua kibanda cha bei nafuu kuliko kamati yenu, na anakwenda sokoni kama mama wengine. Tumeni kwa M-Pesa, lakini kwanza hakikisheni laini imesajiliwa kwa jina lake. Wengi wanatumia laini za jirani, na siku mkikorofishana na jirani fedha zimekwenda.

Kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa ridhaa ya familia, na risiti ikabidhiwe familia. Msimwambie mwenye nyumba wala keyateka (mwangalizi wa ploti) kwamba kanisa litalipa kila mwezi.

## Hatua ya 6: Karatasi

Kazi yenu hapa ni kusindikiza. Msijaze fomu kwa niaba ya mtu, msimtungie maelezo, msibaki na karatasi zake halisi hata usiku mmoja.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Usajili unafanywa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya serikali. Aliyechelewa asijifiche. Aende kwanza kwa mashirika ya msaada wa kisheria niliyoyataja juu, apate ushauri.

Usimwambie mtu kwamba akisajiliwa ataachwa akae Nairobi. Wengi huelekezwa Kakuma au Dadaab, na ruhusa ya kuishi mjini hutolewa kwa sababu maalumu. Ukimficha hilo, atalisikia dirishani akiwa peke yake.

Siku ya kwenda ofisini mhudumu afike mapema na chupa ya maji, nakala za karatasi kwenye bahasha ya plastiki, na nauli ya kurudi. Andikeni kwenye daftari tarehe ambayo kila karatasi itaisha muda, na piga simu miezi miwili kabla.

Mtoto aliyezaliwa Kenya ana haki ya cheti cha kuzaliwa. Mama aondoke hospitalini na taarifa ya kuzaliwa kwa mtoto, kisha aandikishe ndani ya miezi sita ili asiingie kwenye usajili wa kuchelewa. Cheti hicho hakimpi uraia, lisemeni wazi.

Shule ya msingi ya umma inampokea mtoto mkimbizi. Mwalimu mkuu akisita, mhudumu aende na mzazi na waombe kwa heshima kujua kinachokosekana. Mara nyingi ni sare, dawati au karatasi moja tu.

Onyo kubwa la hatua hii. Kuna watu wanaouza safari. Watamwambia mama kwamba kwa kiasi fulani cha fedha jina lake litaingia kwenye orodha ya Kanada au Australia. Huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hazilipiwi, usajili haulipiwi, na hakuna wakala wa kuuza nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. UNHCR hupendekeza, nchi inayopokea huamua, na wanaopata ni wachache sana. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, zikiwamo safari zilizokuwa zimeshapangwa, na kuna waliokuwa wameuza vyombo na kurudisha nyumba. Watu wa namna hiyo wamevunjika mioyo, na tapeli hupenda kuwafuata hao. Semeni nao kuhusu hili kila ziara, hata mkionekana mnarudiarudia.

Na kanisa lisiandike barua ya kumwombea mtu safari. Barua hiyo haina uzito unaodhaniwa, nayo huzaa matumaini ambayo hamwezi kuyalipa.

## Hatua ya 7: Mambo yaliyo juu ya uwezo wenu

Kipigo ndani ya nyumba, mtoto aliyedhuriwa, mtu anayesema hataki kuishi. Msiyamalize kwa maombi peke yake, na msiwapatanishe watu sebuleni kwa mchungaji. Pigeni 1195 au 116 siku hiyohiyo, au mpelekeni mtu hospitali. Aliyebakwa anatakiwa afike hospitalini ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU baada ya hapo haifai kuanzishwa. Ombeni njiani mkiwa mnakwenda.

## Hatua ya 8: Imani isiwe bei

Usiulize familia kwa nini haikuonekana kanisani Jumapili. Kapu likifuata mahudhurio, mtu atakuja kukaa kwenye benchi kwa njaa, na hamtajua kamwe kama anawaamini. Familia ya Kiislamu ihudumiwe sawa na nyingine, bila trakti ndani ya mfuko.

Wanaokuja kwa hiari yao, wapeni kazi. Wakongo wengi waliimba kwaya maisha yao yote, na kuna walioshika uongozi wa makanisa makubwa kule Bukavu na Goma. Kumkalisha mzee wa kanisa wa miaka thelathini kwenye benchi la nyuma kama mpokea msaada ni kumvua utu mara ya pili. Mwombeni afundishe wimbo. Mwombeni aongoze maombi kwa lugha yake, na ninyi mkae kimya msikilize.

## Hatua ya 9: Mwezi wa nne hadi wa sita

Ile methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu wengi huitumia kama njia ya kumfukuza mtu. Mimi naona aliyepewa jembe amepewa na sehemu ya shamba.

Mwezi wa nne muulizeni kila mtu mzima alikuwa akifanya kazi gani kwao. Mshonaji anahitaji cherehani na mteja wa kwanza. Msusi anahitaji kiti kwenye saluni ya mtu. Mwalimu, muuguzi na fundi wa umeme wanahitaji ushauri kuhusu vyeti na kibali cha kazi cha Daraja M, ambacho ndicho cha wakimbizi. Toeni mtaji mdogo wa kitu kimoja, na mumpate muumini mwenye biashara kama hiyo awe naye karibu kwa miezi miwili.

Punguzeni msaada kwa tarehe iliyotajwa mapema. Mwezi wa nne utolewe wote, wa tano nusu, wa sita kodi tu au chakula tu, wachague wenyewe. Isiwe siku moja mlango umefungwa. Ziara ziendelee hata fedha zikiisha. Familia ambayo mgonjwa wake bado hajapona, au ambayo mama hajajifungua, iongezewe miezi mitatu, na sababu iandikwe.

Mwisho wa mwezi wa sita fanyeni kikao cha kuchagua familia sita zinazofuata. Alikeni mama mmoja na baba mmoja kutoka zile sita za kwanza, wakae mezani na kamati, wakiwa na kura. Wao wanajua ni chumba gani kwenye ploti ya nyuma kina mgeni aliyefika wiki iliyopita na hajatoka nje.